Krispi za kuoka za mizizi: kwa nini kingo zinaungua na katikati bado teketeke?

#1 Mshika Trei

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tusaidiane maana nimechoka kutupa chakula. Wiki ya tatu hii najaribu kuoka krispi za mizizi: viazi vitamu, bitiruti na karoti. Mama amekatazwa vyakula vya kuzamishwa kwenye mafuta, na anachokipenda kuliko vyote ni kutafuna kitu kinacholia mdomoni. Nilimwahidi kwamba nitampatia.

Ninavyofanya: namenya, nakata vipande vya duara kwa kisu, nachanganya na vijiko viwili vikubwa vya mafuta na chumvi, napanga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea. Oveni 200°C, dakika 20 hadi 25. Matokeo ni yale yale: kingo nyeusi na chungu, katikati kama ngozi iliyolowa. Nikitoa mapema, zote laini. Nikichelewa dakika 3, zote makaa.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba krispi za kuoka hazipo, zipo kwenye picha tu. Aliyewahi kuzipata zikakauka kau aseme alifanyaje, na kama anajua sababu aiseme pia.

#2 Tatu Bila

Zipo. Unene wa vipande ni kiasi gani?

#3 Jiko la Pili

200 ni moto wa kuchomea, si wa kukaushia. Shusha mpaka 130, kaa nazo saa nzima. Tatizo limeisha.

#4 Mshika Trei

@Tatu Bila nimepima sasa hivi kwa rula. Vingi viko kwenye milimita 2, ila kuna kipande upande mmoja ni 1 na mwingine ni 4.

@Jiko la Pili nitajaribu mkuu. Saa nzima kwa trei moja?

#5 Tatu Bila

Basi ugonjwa wako nimeuona. Kipande chenye 1 huku na 4 kule hakiwezi kuiva kwa pamoja hata ukiombee dua. Penye maji joto halivuki 100. Ukingo mwembamba ukishamaliza maji yake hauna tena cha kuupoza, unapanda hadi joto la oveni na kuungua, huku upande mnene bado unachemka taratibu. Tafuta mandolini, kile kifaa bapa chenye wembe wa kukatia vipande vyembamba, weka milimita 1 na nusu, vipande vyote sawa. Na utumie kile kishikio chake. Mimi nilikidharau, kovu la kidole gumba ninalo hadi leo.

#6 Mzani Mdogo

Mkuu Tatu Bila yuko sahihi ila kaishia njiani. Ngoja tuhesabu maji, maana krispi ni habari ya maji tu.

Kiazi kitamu kibichi kina maji kama asilimia 77. Nusu kilo ina gramu 385 za maji na gramu 115 za vitu vikavu. Krispi inayolia inabaki na maji asilimia chache sana, tuseme 4. Kwa hiyo nusu kilo yako lazima iishie kama gramu 120, na gramu 380 zitoke kama mvuke. Bitiruti ndiyo kabisa, maji karibu asilimia 88: nusu kilo inakuachia gramu 62 hivi. Karoti inafanana nayo.

Sasa jiulize, gramu 380 za mvuke zinapita wapi ikiwa umepanga vipande bega kwa bega, vingine vimepandiana? Hapo huoki, unachemsha kwa mvuke. Safu moja, visigusane, na trei mbili badala ya moja.

Mimi siangalii saa. Napima trei kabla ya kuingiza, napima tena kadiri zinavyokauka. Viazi vitamu vikifika robo ya uzito wake wa mwanzo, natoa. Bitiruti nasubiri moja ya nane. Mafuta yanaongeza gramu chache, uyahesabu.

#7 Mshika Trei

Gramu 62 kutoka nusu kilo? Kumbe ndiyo maana bakuli halijai! Shukrani mkuu, hili la mzani sijawahi kulisikia popote.

#8 Kaanga Kidogo

Mimi nadhani mnazunguka. Mafuta yanapeleka joto kwenye kipande kwa kasi kuliko hewa, mara nyingi mno. Kwenye mafuta ya 175°C maji yanatoka kwa fujo, ndani ya dakika chache kazi imekwisha. Hewa ya oveni ya 175 unaweza kuingiza mkono sekunde mbili ukautoa salama, mafuta ya 175 jaribu uone. Kwa hiyo krispi ya oveni ni kitu kingine, isilinganishwe na ya kukaangwa. Namwelewa mleta mada kwa ajili ya mama, krispi ya kukaangwa inabeba mafuta hadi theluthi ya uzito wake. Ila asitarajie ulaini ule ule wa kuvunjika. Ya kuoka ni ngumu zaidi, inavunjika kama kioo chembamba.

#9 Jiko la Pili

Ndiyo maana nikasema 130. Taratibu.

#10 Sukari ya Kiazi

@Jiko la Pili kwa bitiruti nakubaliana nawe. Kwa viazi vitamu hapana, na nitaeleza kwa nini, maana nimekaa na kiazi kitamu miaka.

Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari iitwayo maltozi. Kinafanya kazi vizuri zaidi pale wanga unapoanza kulainika, kama 60 hadi 75°C. Ndiyo sababu kiazi kilichookwa polepole kizima kinakuwa kitamu kuliko cha haraka. Sasa wewe ukikiweka kwenye moto mdogo, unakipa kimeng'enya muda wa kutosha wa kutengeneza sukari. Na sukari ndiyo inayounguza: inakutana na amino asidi (vijenzi vya protini), rangi ya kahawia inakuja upesi kuanzia kama 140°C. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kiazi kitamu kinaungua kabla hakijakauka kwa sababu umekifanya kitamu mno mwenyewe.

Ninachofanya mimi: nachemsha maji, nazamisha vipande dakika 1 na nusu, nachuja, nakausha kwa taulo, ndipo vinaingia oveni. Maji yanayochemka yanakiua kile kimeng'enya haraka, na sukari ya juujuu inaondoka na maji.

#11 Mzani Mdogo

@Sukari ya Kiazi nina swali la heshima. Kipande cha milimita 1 na nusu kinapita 60 hadi 75 ndani ya muda gani? Nadhani ni dakika chache. Hiyo sukari nyingi inapata wapi nafasi? Kiazi kizima ni sawa, kinachukua saa. Kipande chembamba sijashawishika.

#12 Sukari ya Kiazi

Kinapita haraka ukiwa na oveni kali. Kwenye moto mdogo kipande chenye maji kinapozwa na maji yake yanayotoka, kinakaa chini ya 100 kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Onja kipande cha oveni ya 130 katikati ya safari, kisha uonje cha maji ya moto. Ulimi utakujibu.

#13 Bi Kaango

Wanangu, mimi sijasikia mtu akitaja kuloweka. Vipande vyangu navilaza kwenye maji ya baridi nusu saa, nabadilisha maji mpaka yawe safi. Krispi hazigandani na zinakuwa nyepesi. Nilifundishwa hivyo na sijawahi kujuta.

#14 Tatu Bila

Shikamoo Bi Kaango. Kwa viazi mviringo nakuunga mkono. Wanga uliomwagika wakati wa kukata unaondoka, la sivyo unakuwa gundi juu ya kipande. Ila bitiruti ukiiloweka nusu saa unapoteza rangi na utamu, na unaongeza maji kwenye kitu unachotaka kukikausha.

#15 Bi Kaango

Marahaba. Bitiruti siloweki mwanangu, nilisema vipande vyangu na vyangu ni viazi. Na baada ya kuloweka nakausha kwa taulo mbili, siyo moja. Kipande kikiingia na tone la maji, hilo tone litakula dakika zako.

#16 Mwanagenzi

Wakuu naomba kuuliza, mihogo je? Nataka nikate mibichi myembamba niioke moja kwa moja kama mnavyofanya bitiruti. Nafikiri inafaa zaidi kwa sababu ina maji machache.

#17 Kaanga Kidogo

Inafaa sana, wanga mwingi, maji kama asilimia 60 tu. Kata, paka mafuta, oka.

#18 Daftari la Jikoni

@Mwanagenzi subiri kwanza, na @Kaanga Kidogo naomba nikurekebishe kwa sababu hili ni la afya.

Muhogo mbichi una kitu kinaitwa linamarini. Seli zikipasuka kwa kukatwa, kukunwa au kutafunwa, kinakutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi. Muhogo mchungu unacho kingi, mtamu kidogo, na kwa macho huwezi kuitofautisha kwa uhakika. Ukikata vipande na kuviingiza moja kwa moja kwenye oveni, kimeng'enya kinakufa kwa joto kabla hakijamaliza kazi, na linamarini iliyobaki inakauka humo humo ndani ya krispi. Kinachosaidia ni kumenya vizuri, kukata, kuloweka kwa muda mrefu, kisha kuchemsha kwenye maji mengi sufuria ikiwa wazi na kuyamwaga yale maji. Sianidi yenyewe inageuka mvuke kwenye 26°C tu, ndiyo maana sufuria isifunikwe. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, kwa hiyo ni jambo linalopimwa kwa ukali.

Tumia mihogo unayojua kwa hakika ni mitamu, ichemshe mpaka iive, iache ipoe, ikate, ndipo uoke. Mchungu usiuguse kwa krispi.

#19 Kaanga Kidogo

Nimepokea. Nilizungumza kuhusu mtamu lakini sikusema, na mtu angeweza kunifuata. @Mwanagenzi fuata #18, achana na #17.

#20 Mwanagenzi

Shukrani Daftari. Na magimbi?

#21 Daftari la Jikoni

Magimbi yana fuwele ndogo kama sindano za kalsiamu oksaleti, ndizo zinazowasha mikono na koo. Vaa glavu ukimenya, na chemsha kwanza. Krispi ya gimbi iliyoiva nusu itakukwaruza koo usiku kucha, mimi yalinikuta.

#22 Pembeni Kidogo

Nje ya mada kidogo wadau. Mnajua krispi zilianzaje? Mwaka 1853 huko Saratoga Springs, New York, mpishi George Crum alirudishiwa viazi na mteja akisema ni vinene. Kwa hasira akavikata vyembamba kama karatasi, akavikaanga, mteja akavipenda. Hasira ikazaa krispi!

#23 Tatu Bila

Hadithi tamu, ila tarehe inaipinga. Daktari Mwingereza William Kitchiner alishachapisha maelezo ya viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa mwaka 1817. Crum alikuwa mpishi wa kweli na mwenye sifa zake, lakini hakuwa wa kwanza.

#24 Pembeni Kidogo

Basi hasira haikuzaa kitu. Turudi kwenye oveni.

#25 Fundi wa Feni

Hakuna aliyemuuliza mleta mada kama oveni yake ina feni. Feni inafukuza ile hewa yenye mvuke iliyokaa juu ya vipande na kuleta kavu. Bila feni mvuke unakaa hapo hapo, na joto la juu na la chini havilingani. Kama una feni punguza nyuzi 20 kwenye kipimo chochote unachoelekezwa. Kama huna, weka trei katikati, igeuze nusu ya muda, na kila dakika 10 fungua mlango sekunde tatu mvuke utoke.

Na iondoe ile karatasi. Panga juu ya wavu wa kupozea uliowekwa ndani ya trei, hewa ipite chini pia.

#26 Jiko la Pili

Kufungua mlango kila dakika 10 ni kupoteza joto. Wengine tunatia kijiti cha mbao mlangoni ubaki na upenyo kama wa kidole, na moto unabaki pale pale.

#27 Fundi wa Feni

Kijiti mlangoni sikishauri, oveni nyingine vitufe vyake viko juu ya mlango, vinayeyuka. Na kama nyumbani kuna watoto ndiyo usijaribu kabisa.

#28 Bi Kaango

Karatasi nayo itazameni ni ipi. Ile ya nta inayeyuka na kunuka, si ya oveni. Ya kuokea imeandikwa.

#29 Mshika Trei

Oveni yangu haina feni. Nimesoma zote na nimenunua mandolini. Leo nimeoka bitiruti peke yake: milimita 1 na nusu, kijiko kimoja tu cha mafuta kwa nusu kilo, 140°C, safu moja, dakika 50. Nilipotoa zilikuwa laini bado, nikakata tamaa nikaziacha mezani nikaenda kuoga. Niliporudi ZINALIA! Mama kala bakuli zima. Ni nini kimetokea pale mezani?

#30 Mzani Mdogo

Hongera! Hiyo ni kawaida. Sukari na wanga vikiwa vikavu lakini bado vina moto vinakuwa kama mpira, vikipoa vinageuka kama kioo. Kwa hiyo ulaini wa kwenye trei haukuambii kitu. Toa kipande kimoja, kiache dakika 2 kipoe, kivunje. Kikilia, toa vyote. Watu wengi wanaunguza krispi zilizokuwa tayari kwa sababu walizipima zikiwa na moto.

#31 Sukari ya Kiazi

Na mama asishtuke kesho haja ndogo ikiwa ya waridi. Ni rangi ya bitiruti, betanini, kwa baadhi ya watu inapita hivyo hivyo. Haidhuru.

#32 Mshika Trei

Umewahi kabla hajanipigia simu usiku. Nimemwambia.

#33 Mla Mizizi

Naomba nitie neno kuhusu chumvi. Mleta mada unatia chumvi kabla ya kuoka. Chumvi inavuta maji kutoka ndani, kipande kinalowa juu. Tia mwisho, zikiwa bado na moto na mafuta kidogo, itashika.

#34 Bi Kaango

Mimi natia mwanzo kwa makusudi. Natia chumvi, nasubiri dakika 15, maji yanatoka yenyewe, nafuta kwa taulo. Hayo ni maji ambayo oveni haitahangaika nayo.

#35 Mla Mizizi

Ukifuta ni sawa. Mwenzetu hakufuta, alichanganya na kuingiza.

#36 Daftari la Jikoni

Kabla hatujaachia hapa: kuna anayedhani kuoka kunaondoa akrilamaidi, ile kemikali inayohofiwa kuleta saratani? Jirani yangu aliniambia hivyo. Si kweli. Wanasayansi wa Uswidi walitangaza mwaka 2002 kwamba inatokea kwenye vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali, zaidi ya 120°C, iwe kukaanga au kuoka. Asparajini, amino asidi iliyomo kwenye kiazi, inakutana na sukari. Dalili yake ni rangi: lenga dhahabu, ukiona kahawia iliyokolea umepita. Ile ya maji ya moto ya #10 inasaidia hapa, na kuloweka kwa Bi Kaango pia. Viazi mviringo msiviweke kwenye friji, baridi inageuza wanga wake kuwa sukari na vitaungua hata mkifanya yote sawa.

Na kiazi chenye kijani usikioke ukidhani moto utaondoa sumu inayoambatana na ule ukijani. Oveni haiwezi.

#37 Mwanagenzi

Kumbe ndiyo sababu viazi vyangu vya friji vinakuwa vyeusi! Nililaumu oveni miezi.

#38 Mshika Trei

Ripoti ya pili. Viazi vitamu, trei mbili, unene mmoja. Trei A ya Jiko la Pili: 130°C, saa 1 na dakika 10. Trei B ya Sukari ya Kiazi: maji ya moto dakika 1 na nusu, taulo, kisha 160°C dakika 10, nikashusha 130 mpaka mwisho.

A: rangi nzuri ya chungwa, zinalia, lakini ngumu, mama kasema zinamchoma fizi. B: nyepesi zaidi, ila robo yake imeungua kingo na chache zimebaki laini. Sijui nimpe nani ushindi.

#39 Jiko la Pili

Mimi. Zote zimelia.

#40 Sukari ya Kiazi

Fizi za mama ndizo hakimu, na zimesema B. Zilizoungua ni kwa sababu 160 dakika 10 bila feni ni nyingi, jaribu 6. Na ulivikausha kweli baada ya maji ya moto?

#41 Mshika Trei

Taulo moja.

#42 Bi Kaango

Mbili, nilisema mbili.

#43 Kikaango cha Hewa

Mimi nina kile kikaango cha hewa na nusu ya haya hayanihusu, feni yake ni kali. Shida yangu ni nyingine: vipande vinaruka na kugandana kwenye kikapu. Natandaza wavu mdogo juu yake. Kingine, baada ya saa mbili kwenye bakuli vinalegea.

#44 Tatu Bila

Vinanyonya unyevu wa hewani. Vikipoa kabisa, na nasisitiza kabisa, tia kwenye kopo linalofungwa vizuri. Ukifunga vikiwa na uvuguvugu unafungia mvuke ndani. Vikilegea, virudishe 120°C dakika 5, vipoe tena.

#45 Pembeni Kidogo

Nirudi nje ya mada kidogo. Massimiliano Zampini na Charles Spence walichapisha mwaka 2004 jaribio ambalo watu walitafuna krispi huku wakisikia mlio wa kutafuna kwao kupitia vifaa vya masikioni. Mlio ulipoongezwa, hasa ule mkali wa juu, waliona krispi ni mpya na kavu zaidi, na krispi zilikuwa zile zile. Kwa hiyo mama akila penye kelele za televisheni asije akazilaumu.

#46 Mshika Trei

Nitazima televisheni kwanza ndipo nimpe trei B.

#47 Mla Mizizi

Mnajadili joto na maji ya moto, na hakuna aliyeuliza kiazi chenyewe ni cha aina gani. Mleta mada kasema rangi ya chungwa. Aina nyingi za chungwa zina maji mengi na unga mdogo kuliko zile za nyama nyeupe au njano iliyofifia. Mimi nilihangaika na za chungwa mwaka mzima, nikabadilisha kwenda nyeupe, oveni ile ile, kisu kile kile, zikatoka kau siku ya kwanza. Labda hamkuwa mnabishana kuhusu kitu kimoja muda wote huu.

#48 Sukari ya Kiazi

Na nyeupe nyingi si tamu sana. Hilo linanipa mimi nguvu.

#49 Mzani Mdogo

Linanipa mimi. Maji machache ya kutoa. Pima uone.

#50 Mshika Trei

Nimepata vyeupe vinne na vya chungwa vinne. Taulo ziko mbili, mzani uko mezani. Karoti nimeziweka pembeni kwanza, zinasinyaa mpaka zinapita katikati ya nyaya za wavu, hizo nitazifungulia uzi wake. Oveni inapata moto.